Ugonjwa wa Wazungu? Acheni Hizo!

Leo naomba nigombane na watu kidogo.

Kuna kauli imezagaa kwenye vikundi vyetu vya kujisomea: "Crohn na kolitisi ya vidonda ni magonjwa ya Wazungu, kariri ya mtihani, songa mbele." Ukidai ushahidi unatajiwa NOD2. Sawa, hiyo ndiyo jeni ya kwanza kuhusishwa na Crohn, mwaka 2001, na kasoro zake 3 maarufu ni nadra sana kwa Waafrika. Lakini Wajapani nao hawana kasoro hizo, na Crohn wanaugua! Na huko Ulaya wengi walio nazo hawaugui maisha yao yote. Sasa hoja iko wapi?

Jamani, kuwa na jeni ni jambo moja, jeni kufanya kazi ni jambo lingine. Seli ya utumbo na ya jicho zina jeni zilezile. Tofauti ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Kwenye utumbo uliovimba, jeni za TNF, IL-6 na S100A8 zinawaka kupita kiasi. Mwaka 2017 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba wagonjwa wenye onkostatini M nyingi utumboni mara nyingi hawapati nafuu kwa dawa za kuzuia TNF. Hayo huyasomi kwenye rangi ya ngozi. Unayasoma kwenye kinyama kilichokatwa utumboni.

Na vinyama hivyo ni vya nani? Vingi ni vya watu wenye asili ya Ulaya. Wa kwetu akiharisha damu miezi mitatu anapewa dawa ya amiba, halafu ya taifodi, halafu amiba tena. Kolonoskopia haioni. Kisha tunasema "huku haupo"! Utaonaje usichokitafuta?

Na hili si suala la kujisikia vibaya tu. TB ya utumbo inafanana mno na Crohn, na dawa za kuzuia TNF zinaweza kuamsha TB iliyolala. Ukichanganya hayo mawili, unaua mtu. Sisi tunaoishi na TB nyingi ndio tunaohitaji zaidi kujua jeni zipi zinawaka kwenye kila ugonjwa.

Kwa hiyo tukiwa wodini tuulize: huyu ameharisha damu tangu lini? Na kinyama kikichukuliwa kwa idhini yake, sehemu ihifadhiwe vizuri kabla RNA haijaharibika.

Mwenye kunipinga aje, chai ya kantini juu yangu. Ila aje na ushahidi, siyo "wanasema".