Mlango Mmoja wa Kompyuta Ujaribiwe Kabla ya Kufunguliwa

Mtumishi wa ofisi kubwa siku hizi ana maneno ya siri mengi: la barua pepe, la mishahara, la likizo, la ghala. Kwa kuwa kichwa cha binadamu si kabati, mara nyingi hutumia neno moja kila mahali, au huyaandika yote katika karatasi na kuibandika chini ya kibodi. Ndiyo maana vyuo vikuu, mabenki na idara za serikali huvutiwa na utaratibu wa kuingia mara moja, ambapo mtumishi hujitambulisha mahali pamoja asubuhi, kisha hufunguliwa programu zote anazoruhusiwa. Jambo hilo ni jema. Lakini yafaa kuuliza utaratibu huo hujaribiwa namna gani kabla ya kukabidhiwa kazi, maana hapo ndipo penye upungufu.

Msingi wake si mgeni kwa mwananchi wa Tanzania. Mtu aendaye kufungua akaunti benki huweza kuombwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wake. Karani wa benki hamjui mtu huyo. Anachokijua ni muhuri. Vivyo hivyo, programu ya mishahara haimwulizi mtumishi neno lake la siri. Humpeleka kwenye seva ya utambulisho, nayo humhoji na kumrudisha na hati yenye jina lake, muda wa kutumika na saini ya kidijitali. Programu huikagua saini hiyo, na ikiridhika humfungulia. Katika Chuo cha MIT, Marekani, mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983 ulizaa mfumo wa namna hii uitwao Kerberos. Baadaye zilitolewa kanuni za SAML, toleo la pili, mwaka 2005, na za OpenID Connect mwaka 2014, ambazo hutumika sana katika tovuti za leo.

Kuandaa mazingira ya majaribio hakuhitaji fedha nyingi. Programu ya Keycloak, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2014, hupatikana bure na huweza kuendeshwa katika kompyuta moja ya kawaida. Huongezwa programu mbili ndogo za mfano na orodha ya watumiaji wa kubuni. Lazima ziwe mbili, kwa sababu programu moja haithibitishi lolote. Ni pale ya pili inapofunguka bila kuuliza neno la siri ndipo utaratibu huonekana ukifanya kazi. Izingatiwe pia kwamba Keycloak ina namna mbili za kuwashwa. Ile ya wajenzi hulegeza ulinzi ili kurahisisha majaribio, na haifai kabisa kuachwa ihudumie watu.

Tabia iliyozoeleka ni kuishia hapo. Wakubwa huitwa, fundi huingia mara moja, milango miwili hufunguka, na mkataba hutiwa saini. Hilo ni onyesho tu. Mtaalamu wa kilimo hapandi mbegu mpya katika bustani iliyomwagiliwa maji na kutiwa mbolea, kisha akatangaza kwamba mbegu hiyo yastahimili ukame. Mazingira ya majaribio yana thamani pale tu yanapotumiwa kuutafuta udhaifu wa mfumo kwa makusudi.

Kwanza, saa ya kompyuta mojawapo irudishwe nyuma kwa dakika 10. Kwa kuwa hati ina muda wake, saa zikihitilafiana hata mtumishi mwaminifu hukataliwa. Kerberos, kwa kawaida, huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Fundi aliyeliona kosa hilo mezani hatahangaika siku litakapowazuia wafanyakazi wote mlangoni.

Pili, hati ichezewe, ili ionekane kama programu itaikataa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum, Ujerumani, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi wao wa mifumo 14 itumiayo SAML. Mifumo 11 ilikutwa na kasoro kubwa: saini ilikaguliwa juu ya sehemu moja ya hati, huku jina la mtumiaji likisomwa katika sehemu nyingine iliyopachikwa na mdanganyifu. Ni sawa na karani anayeutazama muhuri wa ukurasa wa kwanza, akasoma jina katika ukurasa wa pili usio na muhuri.

Tatu, mtumiaji atoke katika programu ya kwanza, kisha itazamwe ya pili. Huenda ikakutwa ingali wazi, na mahali ambapo kompyuta moja hutumiwa na watu kadhaa, anayefuata hukalia kiti akiwa na mamlaka ya aliyeondoka. Vilevile mtumishi wa kubuni afutwe kazi katika orodha, na muda uhesabiwe mpaka milango yote imfungie.

Nne, seva ya utambulisho izimwe. Wanaoupinga utaratibu huu husema kwamba mlango mmoja ukiziba, nyumba nzima imeziba, na hawakosi hoja. Mwezi Julai 2023 nchini Kenya, tovuti ya eCitizen, ambayo huduma za serikali zaidi ya 5,000 zilikuwa zimekusanywa humo, ilishambuliwa kwa kufurikishwa maombi ya uongo, na wananchi wakakwama katika mambo kama maombi ya pasipoti. Hata hivyo, kurudi kwenye maneno ya siri kumi si dawa. Dawa ni kujua mapema nini kitasimama na nini kitaendelea, na kuweka seva ya akiba pamoja na njia ya kazi za dharura.

Liko jambo jingine ambalo husahauliwa, nalo ni kuyavunja mazingira ya majaribio baada ya kazi. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba wadukuzi waliohusishwa na serikali ya Urusi walikuwa wamezifikia barua pepe za baadhi ya viongozi wake. Walikuwa wameanza mwishoni mwa Novemba 2023 kwa kubahatisha neno la siri la akaunti iliyokuwa katika mazingira ya zamani ya majaribio, bila uthibitisho wa pili. Humo walikuta programu ya zamani ya majaribio iliyokuwa na mamlaka makubwa katika mfumo halisi wa kampuni. Ikiwa kampuni yenye wataalamu wengi kiasi hicho ilipatwa na hayo, taasisi yenye mafundi watatu haina sababu ya kujiona salama.

Kwa hiyo kila taasisi inayokusudia kuchukua utaratibu huu haina budi kujiwekea masharti machache. Mazingira ya majaribio yatengwe kabisa na mfumo halisi, na yasipewe ufunguo wake hata mmoja. Watumiaji wawe wa kubuni; orodha ya wafanyakazi au ya wanafunzi isinakiliwe humo kwa kisingizio chochote. Awepo mtu mmoja anayewajibika kwayo, na tarehe ya kuyafunga iandikwe siku ile ile yanapofunguliwa. Mwisho, taarifa ya majaribio iorodheshe yaliyoshindikana kabla ya yaliyofaulu, na wakubwa wasitie saini mkataba mpaka wameisoma. Fundi atakayewaonyesha jinsi mfumo ulivyoshindwa ndiye aliyeifanya kazi yake, naye astahili kusikilizwa kuliko yule aliyewafungulia milango miwili na kupigiwa makofi.