Aliyeokota Nakshi Hakubomoa Jengo

Wapo watu, tena wapenzi wa kweli wa majengo ya kale, wanaoamini kwamba mkusanyaji wa nakshi za jengo lililovunjwa ni mshirika wa wavunjaji. Hoja yao ina uzito. Msanifu majengo Louis Sullivan alibuni nakshi kwa ajili ya ukuta wake, kimo chake na mwanga wake. Ukiipachika sebuleni kwa tajiri, inabaki pambo. Tena soko la mabaki likinoga, huenda mwenye jengo akapata sababu nyingine ya kulibomoa. Hilo nalikubali: anayeng'oa nakshi kwenye jengo zima ni mporaji, hata akiwa na risiti.

Ila hukumu hiyo haimgusi Richard Nickel, mpigapicha wa Chicago. Kwanza, tazama nini kilitangulia. Mwaka 1960 aliandika barua na kuandamana kuitetea Garrick Theater, kazi ya Sullivan na mshirika wake Adler. Utetezi ukashindwa, na mwaka 1961 jengo likavunjwa kupisha maegesho ya magari. Kama yeye na wenzake wasingeingia kuokoa vipande, jengo lingevunjwa vilevile, na nakshi zingezolewa na kifusi.

Pili, na hapa ndipo wapinzani hawafiki, kipande kina habari ambazo picha haina. Picha za Nickel ni nzuri mno, lakini zinaonyesha uso tu. Kigae cha terakota ukikigeuza, unaona uwazi wa mgongoni na namna kilivyoshikizwa ukutani. Plasta nayo hutunza tabaka za rangi zilizofunikwa kwa miaka mingi. Soko la Hisa la Chicago, jengo jingine la wasanifu hao, la 1894, lilipobomolewa, Nickel alifia humo Aprili 1972 akiokoa mabaki. Hakuna nakshi yenye thamani ya uhai wa mtu, na simtetei kwa hilo. Hata hivyo, ukumbi wa biashara wa Soko hilo ulijengwa upya ndani ya jumba la makumbusho la Art Institute mwaka 1977, kwa kutumia vipande vilivyookolewa, chini ya msanifu John Vinci, aliyeokoa vipande pamoja na Nickel kule Garrick. Si jengo, ni chumba kimoja. Lakini mwanafunzi anaingia, anainua macho, anapima mwenyewe.

Tatu, mkusanyo mkubwa wa Nickel ulinunuliwa na chuo kikuu huko Edwardsville, Illinois, badala ya kutawanywa kwa madalali. Kwa hiyo ukimkuta mkusanyaji, muulize kipande kimetoka jengo gani, sehemu gani, na kiling'olewa lini. Akikosa majibu, lawama zile za mwanzo ni zake.