Uso wa Katuni na Uso wa Wifi Yangu



Juma hili nataka kuwasimulia habari za nyuso mbili, mmoja umechorwa na mkono wa binadamu na wa pili umeumbwa na Mola. Nilimcheka binti yangu kwa kuusoma ule wa kwanza kwa makini mno, ilhali mimi niliusoma wa pili kwa pupa nikamdhulumu mtu.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2021. Alasiri moja nilikuwa ukumbini nikichagua mchele, nikawasikia binti yangu na binamu yake, binti wa wifi yangu, wakibishana kwa sauti za juu. Nikadhani wamegombania nguo, kumbe wanagombania uso.

"Amekasirika!" alisema mmoja.

"Hakukasirika, ameumia! Tazama macho yake kwanza," akajibu mwenziwe.

Nilishtuka. Nikauliza ni nani huyo aliyeumia, maana nilihofia kuwa ni kijana wa mtaani. Wakacheka, wakanionyesha simu. Ilikuwa ni picha ya kijana wa kuchorwa, amegeuza uso upande, nywele zimemwangukia machoni.

Hadithi yenyewe ni ya Korea Kusini, nayo yajulikana kwa jina la True Beauty. Mchoraji wake, atumiaye jina la Yaongyi, alianza kuitoa mtandaoni mwaka 2018, sehemu moja kila wiki, wala hakuimaliza hadi 2023. Ni habari ya msichana aitwaye Jugyeong, aliyedhihakiwa shuleni kwa sababu ya sura yake, akajifunza kujipamba kwa kutazama video, akahamia shule nyingine akitajwa kuwa mrembo, huku akiogopa siku atakayoonekana bila vipodozi. Wamo pia vijana wawili. Suho ni mkimya, uso wake mkavu kama ukuta. Seojun ni mwenye hamaki, maneno yake huwasha kama pilipili. Wawili hao walikuwa marafiki wa chanda na pete, kisha rafiki yao wa tatu akafariki, na Seojun akamhesabia Suho lawama.

Si kila kilichomo ndani yake ninakiridhia, na binti yangu analijua hilo. Lakini mzazi asiyekijua kile asomacho mwanawe hana la kumnasihi. Basi nikaketi, nikasikiliza.

Nikagundua kwamba wasichana wale wamegawanyika kambi mbili, na ya kwao yalikuwa madogo mbele ya yale ya wasomaji wengine duniani. Kambi moja yasema ukimya wa Suho ni kiburi, ya pili yasema ni majonzi ya mtoto aliyefiwa na mama. Seojun naye, ukali wake ni ubaya wa moyo au ni ngao ya mtu aliyejeruhiwa? Katika miezi hiyo hiyo, kuanzia Disemba 2020 hadi Februari 2021, televisheni moja ya Korea ilikuwa ikionyesha tamthilia ya hadithi hiyo yenye sehemu 16. Tamthilia ikafika mwisho wake, lakini katuni yenyewe iliendelea. Kwa hiyo wasomaji walikuwa hawana hukumu ya mwisho mikononi. Walikuwa na nyuso tu, na wiki nzima ya kungoja.

Wakanifundisha jinsi ya kusoma. Tone la jasho lililochorwa kwenye kipaji ni fadhaa. Mshipa uliotuna ni hasira. Mistari myekundu mashavuni ni haya. Macho yakifunikwa na kivuli, mchoraji anatuficha jambo kwa makusudi. Hata nafasi tupu baina ya picha mbili ina maana, kwani katuni hizi husomwa kwa kuteremsha kidole juu ya simu, na weupe ukirefuka, ujue muda umepita au mtu amenyamaza. Mchoraji wa Marekani, Scott McCloud, aliandika kitabu mwaka 1993 akaeleza kwamba ile nafasi iliyo baina ya picha ndipo msomaji anapofanya kazi yake. Mchoraji huonyesha jambo la kwanza na la tatu. La pili msomaji hulijaza mwenyewe akilini.

Nikawaambia, "Wanangu, mnapoteza wakati kwa mtu asiyekuwapo." Nikarudi kwenye mchele wangu. Wala sikujua kwamba mwezi mmoja baadaye mimi mwenyewe ningelijaza la pili kwa mkono wangu, na nikalijaza vibaya.

Katika mwezi wa Shaabani palikuwa na nikahi ya jamaa yetu, ya watu wachache, kwa ajili ya ule ugonjwa uliokuwa umeenea. Sote tulivaa barakoa. Niliketi kando ya wifi yangu, mkono wake wa kushoto. Mume wangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa amesimamishwa kazi juma lile, na sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwinamia, nikamweleza kwa sauti ya chini, nikitaraji neno moja la faraja. Akanikazia macho. Nyusi zikakunjana. Kisha akatikisa kichwa kidogo, akageuka kutazama sinia za pilau.

Nilihisi kama aliyemwagiwa maji baridi. Usiku ule sikulala. Nikaanza kukusanya makosa yake yote: mara nilipomwamkia njiani asiitike, mara alipokata maneno yangu katikati, mara alipoacha kuja darsani. Nikapata jawabu langu: wifi amejaa kiburi, na sasa kwa kuwa tumeishiwa, hatutaki.

Ramadhani ikaingia. Desturi yetu ni sahani ya futari kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, na mwaka ule sahani yangu haikwenda kwake. Idi ikaja, sikupita. Binti yake akawa haji tena kwetu, wala wangu haendi kwao. Sisi tuliofundishwa kwamba kuhamana kusipite siku tatu, tukafika Mfunguo Pili hatujasemezana.

Aliyeuvunja ukimya ni binti yangu. Usiku mmoja nilikuwa nikimlalamikia baba yake juu ya ule uso wa siku ya nikahi, naye akaniuliza kwa adabu, "Mama, hiyo ni picha moja tu. Ya kabla yake na ya baada yake ziko wapi?"

Nikamkaripia kwamba haya si mambo ya katuni. Akanyamaza. Lakini yeye na binamu yake hawakuwa wameacha kuandikiana, na walifanya kama walivyozoea kufanya kwa Suho: walirudi nyuma wakazisoma upya sehemu zote zilizopita, wakitafuta lile walilolipuuza. Baada ya siku tatu akaniletea orodha. Shangazi huitika akiitwa kutoka kulia, haitiki akiitwa kutoka kushoto. Simu huiweka sikio la kulia peke yake. Televisheni yao hupigiwa kelele na majirani. Akisemeshwa, hutazama mdomo wa msemaji, si macho. Darsani aliacha kwenda tangu watu walipoanza kuvaa barakoa.

"Mama," akasema, "shangazi hasikii vizuri. Alikuwa akisoma midomo yetu, na sisi tukaifunika."

Sikuwa na la kujibu.

Nilikwenda kwake kesho yake. Nikakaa mbele yake, dirisha wazi, mbali kidogo, nikaishusha barakoa, nikasema polepole. Nilipofika habari ya kaka yake kusimamishwa kazi, alitia mkono kinywani. "Kumbe siku ile ulinieleza haya? Mimi nilidhani wanisifia pilau!" Akalia, nami nikalia. Kisha akanieleza kuwa kwa miaka kadhaa sikio la kushoto lilikuwa limemfunga na la kulia lilikuwa likimfuata, naye aliona haya kusema, asije akaitwa mzee kabla ya wakati. Kukunja uso kule hakukuwa dharau, kulikuwa juhudi ya mtu anayekamata maneno yanayomponyoka. Na hapa ndipo niliposhtuka zaidi: yeye naye alikuwa ameusoma uso wangu. Futari ilipokatika, alijiambia kwamba nimemchoka kwa uziwi wake.

Leo ana kifaa cha kusikilizia, alhamdulillahi, na darsani amerudi. Lakini Ramadhani ile haitarudi, wala yale majonzi aliyoyabeba peke yake.

Tangu hapo nimejifunza mambo mawili ambayo nawaachia wasomaji.

La kwanza, uso wa kuchorwa na uso wa mtu havisomwi kwa kanuni moja. Wazee walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Katika katuni, kila mstari umewekwa na mchoraji kwa kusudi, ili wewe uusome. Mtu aliye hai hakuumbiwa uso ili awe barua kwangu. Huenda amekunja kipaji kwa jua, kwa jino, kwa deni, au kwa sikio. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 1,000 kuhusu jambo hili, wakahitimisha kwamba kuutazama uso peke yake hakutoshi kujua mtu anahisi nini. Na takriban miaka 100 iliyopita, mtengeneza filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua uso mmoja wa mwigizaji, usio na furaha wala huzuni, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji wakausifu uigizaji wake: hapa ana njaa, pale ana msiba. Uso ulikuwa ule ule. Mimi niliuweka uso wa wifi yangu kando ya umaskini wangu, nikausoma dharau.

Twakijua kisa cha Usama bin Zayd, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemuua mtu vitani baada ya mtu huyo kutamka shahada, akidhani ameitamka kwa hofu ya silaha tu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimkemea vikali, akamuuliza iwapo aliupasua moyo wake hata akajua. Ikiwa swahaba hakupewa ruhusa ya kuhukumu nia ya adui vitani, mimi nilipewa na nani ruhusa ya kuhukumu nia ya wifi yangu karibu na sinia ya pilau?

La pili, wasichana wale niliowacheka walikuwa na adabu ambayo mimi sikuwa nayo. Wao wakitoa dai, mwenziwe huwaambia: nionyeshe picha. Wakikosea, sehemu ya wiki ijayo ikaja na ukweli, hukiri, wakacheka, wakabadili kauli. Nasi kina mama, tukishamhukumu mtu katika arusi moja, hukumu ile hurithiwa na watoto.

Basi nasihi zangu ni chache. Mwulize mwanao hadithi anayoifuata, na umsikilize anavyowaelewa watu waliomo. Utaujua moyo wake kwa njia hiyo kuliko kwa kumpekua simu. Mfundishe kwamba ustadi wa kuzisoma nyuso ni neema ikiwa unatuelekeza kuuliza, na ni balaa ikiwa unatutosheleza tusiulize. Na ukimwona jamaa amekukunjia uso, kabla ya kuikata sahani ya futari, nenda ukamwulize, tena uketi mbele yake auone mdomo wako. Shirika la Afya Duniani lasema watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma. Baadhi yao wamo majumbani mwetu, nasi twawaita wenye kiburi.

Wasichana bado wanabishana. Suho wamemaliza naye, sasa wana hadithi nyingine. Juzi wifi yangu aliketi nao, kifaa sikioni, akaitazama picha kwa muda mrefu, akasema, "Huyu hajakasirika hata kidogo. Huyu hajasikia alichoambiwa." Tulicheka sote, mimi kuliko wote, na chozi likanitoka.

Tukutane juma lijalo inshaAllah. Wabillahi tawfiq.