Gemu mpya ya mikakati imejaza watu siku ya kwanza? Subiri mwezi wa tatu

Februari 2025, gemu ya Civilization VII ilitoka kwa bei ya dola 70, kama shilingi 9,000 hivi za Kenya. Kwenye Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, zaidi ya watu 80,000 waliicheza kwa wakati mmoja. Ukiiangalia namba hiyo peke yake, utasema mambo ni moto.

Lakini haikufika katikati ya mwaka, mambo yakageuka. Kwenye Steam hiyohiyo, Civilization VI ya mwaka 2016 ilikuwa na wachezaji wengi zaidi kila siku. Hata Civilization V, ya mwaka 2010, ilikuwa inaipita.

Septemba 2025, kampuni ya 2K ilithibitisha kwamba wafanyakazi wamepunguzwa Firaxis, studio inayotengeneza gemu hizi. Sababu rasmi ilikuwa kupanga upya kazi. Hata hivyo, ni vigumu kuitazama habari hiyo bila kukumbuka zile namba.

Wengi wanaosoma Kiswahili wanaijua familia hii hata kama hawajawahi kuicheza. "Baba Yetu", wimbo wa Kiswahili wa Christopher Tin ulioshinda Grammy mwaka 2011, ulitungwa kwa ajili ya Civilization IV.

Sasa swali: kwa nini gemu mpya, yenye picha nzuri na jina kubwa, inashindwa kuwashika watu?

Mpinzani ni kaka yake

Gemu nyingi za mpira huuzwa kwa msimu. Ikitoka ya mwaka huu, ya mwaka jana inaanza kupoa. Gemu za mikakati haziko hivyo. Zinafanana zaidi na bao au drafti: hazichakai haraka. Ukishatumia saa 50 kujifunza jinsi ya kujenga miji, kupanga jeshi na kufanya diplomasia, huna haraka ya kuondoka.

Pia gemu ya zamani imeshanenepa. Civilization VI ilipata nyongeza kubwa mwaka 2018 na 2019, kisha nyingine nyingi zikafuata. Leo mara nyingi unaikuta kwenye punguzo kwa bei ndogo sana. Kwa hiyo mchezaji anapima: nilipe dola 70 kwa kitu kipya ambacho bado kinarekebishwa, au nibaki na kile ninachokijua, kimekamilika na ni rahisi?

Civilization VII iliongeza mtihani mwingine. Ilipotoka iligawanywa katika zama 3, na kila zama ikiisha ulibadilisha taifa. Uliweza kuanza na Aksum na kumaliza na Buganda. Wapo walioipenda. Lakini wengi walizoea kulea taifa moja kutoka enzi ya mikuki hadi enzi ya roketi, na waliona wamekatwa njiani. Mwishoni mwa 2025, Firaxis yenyewe ilitangaza kwamba inajaribu njia ya kucheza na taifa moja mwanzo hadi mwisho.

Aliyeanguka akainuka

Kushuka baada ya uzinduzi ni kawaida. Karibu kila gemu hushuka. Tofauti ni nani anarudishwa, na kwa kitu gani.

Total War: Warhammer III ilitoka Februari 2022 na kupita wachezaji 160,000 kwa wakati mmoja. Malalamiko yakaanza mapema. Kampeni yake kuu ilikulazimisha kila baada ya muda kuacha ufalme wako na kwenda kukimbizana kwenye ulimwengu mwingine. Wengi wakarudi Warhammer II.

Agosti mwaka huohuo, Creative Assembly ikaleta Immortal Empires, ramani kubwa inayounganisha gemu zote tatu za mfululizo huo. Waliokuwa nazo zote hawakulipa nyongeza. Wachezaji wakavuka tena 100,000. Hapo watu walipewa kile hasa walichokuwa wanakisubiri, na kilikuja baada ya miezi sita hivi.

Linganisha na Imperator: Rome ya Paradox. Ilitoka Aprili 2019, ikapita wachezaji 40,000, na ndani ya wiki chache ikabaki na elfu chache tu. Marekebisho makubwa yalikuja Februari 2021. Waliobaki waliyasifu, ila walikuwa wachache mno. Miezi michache baadaye timu ikahamishiwa kazi nyingine. Dawa ilikuwa nzuri, mgonjwa alishachoka kusubiri.

Kuna kisa cha tatu, na hiki ndicho kinachouma zaidi. Total War: Three Kingdoms ilitoka Mei 2019 na kupita wachezaji 190,000 kwa wakati mmoja. Miaka miwili baadaye, Creative Assembly ikatangaza kwamba haitaongeza kitu tena. Watu waliokuwa wamenunua nyongeza wakitegemea safari ndefu walikasirika, tena sana. Umati wa siku ya kwanza haukuwahakikishia kesho.

Wanaokua polepole

Upande wa pili wapo wazee wasiokufa. Age of Empires II ilitoka 1999. Ikatengenezwa upya Novemba 2019, na bado inapata mataifa mapya na mashindano. Kwenye Steam ina wachezaji wengi kuliko Age of Empires IV ya mwaka 2021.

Hearts of Iron IV, gemu ya Vita vya Pili vya Dunia iliyotoka Juni 2016, haikuweka rekodi yake ya wachezaji wiki ya kwanza. Iliiweka miaka mingi baadaye. Iliendelea kulishwa mwaka hadi mwaka, na wachezaji wenyewe wakaitengenezea matoleo yao ya bure.

Kwa hiyo, kinachowashika watu si uzuri wa siku ya kwanza pekee. Ni imani kwamba gemu itarekebishwa haraka, itaongezewa vitu vyenye maana, na haitatelekezwa. Studio ikipoteza imani hiyo, matangazo hayairudishi.

Kabla hujatoa hela

Namba za wachezaji wa Steam ziko wazi na unaweza kuziona hata kwa simu. Ila zisome kwa akili:

- Steam inahesabu wachezaji wake tu. Civilization VII ilitoka siku moja pia kwa PlayStation, Xbox na Switch, na hao hawamo. Age of Empires pia inachezwa kupitia huduma ya Game Pass.

- Usilinganishe wiki ya kwanza ya gemu mpya na mwaka wa tisa wa gemu ya zamani. Linganisha mwezi wa tatu kwa mwezi wa tatu.

- Angalia kama namba zinapanda kila apdeti inapotoka. Zikipanda, watu bado wana hamu. Apdeti kubwa ikipita na namba hazijatikisika, kuwa makini.

- Soma maoni ya siku 30 zilizopita, si ya siku ya uzinduzi pekee.

Na kama kompyuta yako ni ya kawaida na bando lako si kubwa, gemu ya miaka mitano iliyopita inaweza kuwa chaguo bora kuliko ile inayotangazwa kila kona. Itakuwa imeshuka bei, hitilafu nyingi zimeshaondolewa, na huenda ukakuta watu wengi zaidi wa kucheza nao.