Fuko naye apewe haki yake

Ikiwa wazee wako ni wakulima wa Kilimanjaro, huna haja ya kuelezwa ubaya wa fuko. Hukata mizizi ya migomba na kula viazi vingali ardhini, na mwenye shamba akiamka hukuta chungu za udongo mbichi tu. Si ajabu kwamba mtoto wa huko hujua kumtega fuko kabla hajajua kusoma.

Lakini wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hebu tukitazame kisa cha mlima St. Helens, ulioko Marekani. Tarehe 18 Mei 1980 volkeno ya mlima huo ililipuka. Watu 57 walifariki, na misitu pamoja na mbuga za majani zikaangamia. Palipokuwa na nyasi na maua pakatanda majivu na mawe mepesi ya volkeno, mahali ambapo mbegu haipati lishe.

Katika mbuga hizo za mlimani waliishi wanyama wa jamii ya panya, wachimbao mahandaki na kula mizizi kama fuko wetu. Baadhi yao walinusurika, kwa kuwa mlipuko uliwakuta chini ya ardhi. Walipoendelea kuchimba, waliupandisha udongo wa zamani juu ya majivu.

Mwaka 1983 wataalamu waliwaweka wachache katika viwanja vilivyozungushiwa uzio, juu ya mawe yale, kwa siku moja tu. Wakati huo mimea iliyokuwapo ilikuwa kama dazeni moja. Baada ya miaka sita ilihesabiwa mimea 40,000, ilhali ardhi ya jirani ilikuwa bado karibu tupu!

Siri ilikuwa nini? Udongo ule wa zamani ulikuwa na uhai. Ndani yake mlikuwa na vijidudu, na kuvu ziishizo pamoja na mizizi. Kuvu hizo huutafutia mmea maji na lishe, nao mmea huzilipa kwa sukari. Mnamo 2024 wataalamu walieleza kwamba hata baada ya miaka 40, athari ya siku ile moja ilikuwa bado inaonekana udongoni.

Wala kazi hiyo haingoji volkeno. Katika malisho ya milimani, wachimbaji hawa huulegeza udongo ulioshindiliwa na kwato, maji ya mvua yakapenya, na mbegu ngeni zikapata pa kuota.

Hatusemi mkulima amwachie fuko migomba yake. Shamba ni riziki ya watoto. Tena kwenye mteremko uliokwisha kuliwa majani yote na mifugo, udongo uliofukuliwa huchukuliwa na mvua. Tusemalo ni hili: kabla ya kumwita kiumbe adui, tuulize kwanza yuko wapi na anafanya kazi gani. Shambani fuko ni mwizi; mbugani ni mkulima asiye na jembe.