Mficha uchi hazai, mkunga aambiwe

Siku hizi upasuaji wa kupunguza unene si habari ya Ulaya na Marekani pekee. Wapo wanawake wa kanda yetu wanaofanyiwa Nairobi, na wapo wanaopanda ndege kwenda India. Mtu anarudi mwembamba, na kwa kuogopa maneno ya watu anasema ni mazoezi tu. Hiyo ni siri yake, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanza pale siri hiyo inapoingia kliniki ya wajawazito.

Nisieleweke vibaya. Sisemi aliyepasuliwa asizae. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2015 ulitazama uzazi 596 wa wanawake waliopasuliwa, ukaulinganisha na wa wenzao ambao hawakupasuliwa, wenye unene kama waliokuwa nao hao kabla ya kisu. Kisukari cha mimba kiliwapata asilimia 1.9 ya waliopasuliwa, wenzao asilimia 6.8. Watoto wakubwa kupita kiasi, ambao huleta taabu wakati wa kujifungua, walikuwa asilimia 8.6 dhidi ya 22.4. Hiyo ni faida kubwa.

Lakini watoto wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa asilimia 15.6, na kwa wenzao 7.6. Mfuko wa chakula uliopunguzwa hupokea kidogo, na pale utumbo uliporukwa, mwili haupati vizuri madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12. Mtoto anajengwa kwa vitu hivyo.

Sasa mfikirie mkunga asiyejua. Atatoa vidonge vya kawaida vya kuongeza damu, kumbe huyu anahitaji kupimwa damu mara kwa mara na kuongezewa virutubisho. Atamnywesha maji ya glukosi ili ampime kisukari, na mama aliyebadilishwa njia ya chakula anaweza kutokwa jasho, kuharisha na kuishiwa nguvu. Kwake ni afadhali kupima sukari kwa kuchoma kidole kwa siku kadhaa. Akilalamika kwamba tumbo linamkata, ataambiwa ni mimba tu, kumbe huenda utumbo umejinyonga ndani na anatakiwa hospitali kubwa saa hiyohiyo.

Lipo pia suala la muda. Madaktari hushauri kusubiri kati ya mwaka 1 na miaka 2 baada ya upasuaji, uzito utulie. Tatizo ni kwamba unene ukipungua, uwezo wa kushika mimba huweza kurudi haraka, na vidonge vya kupanga uzazi huenda visinyonywe sawasawa. Kipandikizi au kitanzi ni cha kuaminika zaidi. Mama mkwe anayehesabu miezi naye avumilie.

Ndiyo maana naziomba wizara zetu za afya ziongeze swali moja la wazi kwenye kadi ya kliniki: umewahi kupunguzwa mfuko wa chakula? Kuuliza tu kama mtu aliwahi kupasuliwa hakutoshi, maana mama atadhani anaulizwa kuhusu kujifungua kwa kisu. Na daktari aliyepasua ampe mama barua ya kumwonyesha mkunga.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Dada zangu, majirani wafiche mpendavyo. Mkunga mwambieni ukweli siku ya kwanza.