Puto la Moyo Lisitusahaulishe Koo la Mtoto

Askari hufundishwa kwamba adui huzuiwa mpakani, hangojwi mpaka aingie sebuleni. Mafunzo hayo yafaa kufuatwa nyumbani pia, hasa na askari walioko Abuku, Koboko, ambao wako zaidi ya kilometa 500 kutoka Kampala.

Huenda katika kota zetu yumo mtoto asiyeweza kukimbia na wenzake. Apandapo kilima huhema, usiku hukohoa. Nyumbani huitwa mvivu, na majirani hunong'ona habari za uchawi. Kumbe pengine maradhi yake yalianza kwa koo lililouma, lisitibiwe. Ikafuata homa ya baridi yabisi, ikaacha kovu katika vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Vipande vya vali vikagandana, njia ikawa nyembamba, damu ikasongamana mapafuni.

Siku hizi vali ya namna hiyo yaweza kufunguliwa pasipo kupasua kifua. Daktari Kanji Inoue wa Japani alianza kazi hiyo mwaka 1982. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa kinena hadi moyoni. Puto lililo kwenye ncha yake hujazwa kwa sekunde chache, nalo huviachanisha vipande vilivyogandana. Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago, imekuwa na chumba cha kupitishia mirija hiyo tangu mwaka 2012.

Hiyo ni neema kubwa. Lakini puto halifuti kovu, wala halifai kwa kila moyo. Vali inayovuja sana huhitaji upasuaji. Tusiitazame Mulago tukaisahau zahanati. Utafiti wa Gulu uliotangazwa mwaka 2021 ulihusu watoto ambao vali zao zilikuwa na madhara ya mwanzo yaliyofichika. Kati ya 399 waliodungwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, 3 tu ndio waliozidiwa. Kati ya 400 wasiodungwa, walizidiwa 33.

Hapana budi, basi, koo la mtoto likiuma pamoja na homa, apelekwe kituo cha afya na amalize dawa. Anayehema pasipo sababu apelekwe hospitali ya Arua, achunguzwe moyo. Wanaohusika wahakikishe penisilini haikosekani vituoni. Mkuu wa kikosi naye asimnyime askari ruhusa siku ya sindano ya mwanawe. Sindano hiyo ni zamu ya ulinzi. Ikikoswa, lindo limeachwa wazi.